Aliyemshika Kipofu Mkono

La Rochelle, Johannesburg
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Saada,

Nimesikia geti likigonga nyuma yako, kisha viatu vyako vikiteremka mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, na sasa najua nina nafasi. Umekwenda Fordsburg kununua iliki na mdalasini za kubeba, kana kwamba Japani hakuna maduka. Mpaka upate teksi ya kurudi, magharibi itakuwa imekaribia. Naandika kwa kalamu nene ya koki, ile ya kuandikia maboksi, herufi kubwa kama za tangazo la ukutani, maana wino wa kalamu ya kawaida siuoni tena. Ukikuta mstari umepanda juu ya mwenzake, vumilia. Umeshauzoea mwandiko wangu, wengine wote wamekata tamaa.

Sitakuambia uvae nguo nzito, wala uulize kilichomo kwenye mchuzi kabla ya kula. Hayo unayajua kunishinda. Nataka kujibu swali uliloniuliza juzi jikoni.

Ulisema, "Baba, sema neno moja tu, nibaki. Nitawaandikia kule chuoni, niwaambie nimeghairi."

Nikasema, "Chumvi umeiweka wapi?"

"Baba."

"Haipo mahali pake."

Ukanipa chumvi. Mchuzi ule ulikuwa na chumvi tayari, nawe ulijua, na tuliula vilevile na chumvi yake mara mbili. Tangu siku hiyo nakusikia unavyofunga mizigo: unaweka, unatoa, unaweka tena. Mtu anayekwenda zake hafungi hivyo.

Niruhusu nianzie mbali. Wazee hatujui kuanzia karibu.

Mwaka wako wa mwisho wa shule ulikuwa unafanya kazi siku za Jumamosi kwa yule bibi wa Kichina mwenye duka la jumla mjini, la mablanketi na maua ya plastiki. Wateja wakipungua alikuwa anakuchorea herufi za kwao kwenye vipande vya katoni, nawe ukija navyo nyumbani. Wakati ule macho yangu yalikuwa yanaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Katoni ukiisogeza kidogo, herufi inanipotea. Ndipo ukaanza kuniandikia kiganjani kwa kidole. Nikakuuliza, kwa mzaha wa mtu asiye na kazi jioni, Wachina waziri wanamwandikaje. Jumamosi iliyofuata ukarudi na jibu.

"Ni jicho, Baba," ulisema. Ukachora. "Jicho lililosimama wima, kama linavyoonekana la mtu aliyeinamisha kichwa."

"Kwa hiyo waziri ni mtu asiyemtazama mkubwa wake usoni."

"Wengine wanasema huyo mwenye jicho alikuwa mateka. Mtumwa. Halafu ndiye aliyekuja kuwa waziri. Wajapani wakaongeza neno la ukubwa mbele yake, akawa daijini, mtumishi mkubwa."

"Eish," nikasema, nikikuiga wewe, ukacheka mpaka jirani yetu Mama Neema akagonga ukuta kutoka chumba cha pili.

Tukaendelea hivyo majira yote ya baridi. Ukanichorea paa la nyumba na kisu chini yake: mtumishi wa ndani aliyechinja na kugawa nyama, ambaye jina lake baada ya karne nyingi lilivikwa waziri mkuu wa dola. Ukanieleza wakubwa wa Korea, walioitwa safu mbili, kwa sababu mbele ya mfalme wenye kalamu walisimama upande mmoja na wenye silaha upande wa pili. Ukaniambia Japani kulikuwa na watu wa kupanda ukumbini na watu wa chini, na mtu aliweza kuzaliwa, kutumika na kufa bila kukanyaga mbao za ukumbi ule. Na ukanichorea wawili waliopiga magoti wakitazamana, katikati yao chombo cha chakula. Hilo ndilo neno la mabwana wakuu wa baraza la mfalme. Kabla ya kuwa cheo lilikuwa watu wawili wanaokula.

Nilikuambia, "Hao ni watu wa Pangani." Ulidhani natania. Sikuwa natania.

Babu yangu alikuwa mwana wa jumbe. Kwetu Mrima ujumbe haukupatikana kwa damu peke yake, ulipatikana kwa kulisha. Mtu alichinja, akapika, akalisha wenye vyeo siku baada ya siku, ndipo akafungwa kilemba na kuonyeshwa mahali pake pa kukaa. Nilipozaliwa mimi hakukuwa na ujumbe tena, serikali ilishakuwa nyingine, lakini sinia zilikuwepo. Nilifundishwa kabla ya kusoma kwamba kuna watu wa sinia ya mbele na watu wa sinia ya mlangoni, na kwamba mtu wetu hanyooshi mkono mpaka aitwe. Nikaja na taabu hiyo mpaka Johannesburg. Nimeuza vitambaa katika duka la mtu Fordsburg, nimesimama kutwa nzima nikipima mita za kanzu za maharusi, na jioni kwenye khitma nilisubiri mlangoni niitwe mbele. Hawakujua kwamba natakiwa kuitwa. Nilirudi na njaa mara nyingi kuliko nilivyowahi kukwambia.

Na Mama Neema, ambaye ametoka Bukavu na watoto wake watatu na kusuka nywele za watu mpaka vidole vikapinda, alikuwa analeta sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli la kufunika. "Baba Saada, kula kidogo, imebakia tu." Mimi nikijibu, "Ahsante, nimekwisha kula." Nilijiambia ni staha. Haikuwa staha. Sikutaka kula kwa mtu ambaye sijui anakaa sinia gani. Ndiyo maana macho yalipoanza kwenda hapakuwa na mkono wowote hapa duniani niliokubali kuushika, isipokuwa wako. Nawe ulikuwa mtoto.

Kuhusu hayo macho nina jambo la kukueleza, maana umewaambia watu siku zote kwamba ni ajali ya Mungu. Kila kitu ni cha Mungu, lakini hili lilipitia mikononi mwangu. Daktari alinipa chupa ndogo ya matone kwa ile presha ya macho, nitie asubuhi na usiku maisha yangu yote. Ikaingia Ramadhani. Nilikuwa nikitia tone nalionja uchungu wake kooni, nikahukumu kwamba linaharibu saumu. Nikaacha la asubuhi. Ningeweza kulitia wakati wa daku. Ningeweza kumuuliza imamu, ambaye nilisali nyuma yake kila siku. Sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa na vitabu rafuni na nilidhani mwenye vitabu haulizi. Ramadhani ikaisha, mazoea yakabaki. Ugonjwa ule hauumi, ndio ubaya wake. Unakula pembeni polepole, kama panya ndani ya gunia la mchele, nawe unaona gunia limesimama.

Nilipokuja kumuuliza imamu, muda ulishapita. Akashangaa. "Mzee wangu, tone la jicho lina nini na saumu? Na mgonjwa mwenyewe ameruhusiwa kula!" Alisema kwa upole. Nilitamani angenigombeza.

Unakumbuka siku ya hospitali. Daktari kijana alizungumza nawe, hakuzungumza nami, kama wanavyofanya wakimwona mzee mwenye kofia. Alikuambia kwa Kiingereza kwamba nuru iliyokwenda hairudi, na iliyobaki itapungua. Ukanigeukia, ukasema, "Baba, amesema tungoje kidogo, tuone."

Nilimsikia, mama. Kiingereza changu si kibovu kiasi hicho, nilikifundisha shule kabla hujazaliwa. Nikaitikia, "Basi tungoje." Baadaye uliponisimulia wale wakubwa wa Japani walioitwa dainagoni, ambao cheo chao kilitokana na kupokea maneno na kuyafikisha kwa mfalme, nilikaribia kukuuliza kama nao walikuwa wanayapunguza makali njiani. Nadhani walikuwa. Nadhani ndiyo kazi yenyewe. Lakini mfalme anayekubali kupunguziwa, huku akijua, anamwachia mtoto wa watu kubeba neno zima peke yake.

Kisha likaja lile neno la mwisho. Ulirudi Jumamosi hiyo unakimbia, hukuvua hata koti. Ukanishika kiganja ukachora mti, na pembeni yake jicho.

"Hili nalo ni waziri mkuu, Baba. Ila zamani lilikuwa kusaidia tu. Wapiga muziki wa makasri walikuwa vipofu, kila mmoja na mtu wake wa kumshika mkono. Anamwambia, hapa ngazi, hapa mkeka, fulani amekaa kulia kwako. Mtu huyo walimwita hivi hivi."

"Cheo kimetoka hapo?"

"Sijui. Wasomi wanasema maana yake ni moja, hawasemi lipi limemzaa mwenzake."

Nilipenda jibu hilo. Ni jibu la mtu atakayekuwa msomi wa kweli. Halafu ukasema, "Basi mimi ndiye waziri wako mkuu, sawa, sharp?" Nami nikakueleza kwamba hata neno letu waziri, tulilolipata kwa Waarabu, wengi husema maana yake ni mbeba mzigo, ingawa wapo wanaobisha, na kwamba Nabii Musa alipoona kazi inamzidi aliomba apewe waziri katika jamaa zake. Tulifurahi sana jioni ile. Tangu hapo nikawa nakutambulisha kwa wageni: "Huyu ni waziri wangu." Msikitini ukinifikisha mlango wa wanaume na kunikabidhi kwa yule mlinzi wa viatu, nilisema kwa sauti ili wasikie, "Waziri, nisubiri." Ukanisubiri. Umenisubiri kwenye jua la Fordsburg wakati wenzako wako kwenye sinema.

Haya ndiyo niliyoyaelewa nikiwa nimechelewa, Saada. Mzigo ukipewa jina zuri hauwi mwepesi, ila anayeubeba anaona haya kuutua. Yule wa kisu na nyama, yule wa kushika mkono, wote walipandishwa majina mpaka hakuna aliyekumbuka kwamba walianza kwa kutumwa. Katika maneno yote uliyoniletea kwenye katoni, sikuona hata moja linalosimulia siku mtumishi alipotaka kwenda kwao.

Kuna na hili, nalo nalisema kwa sababu ya mama yako. Uliniambia Wajapani wa kale hawakumtaja mfalme wao, walisema mikado, lango tukufu, wakalitaja lango wakamwacha mtu. Ulishangaa. Mimi sikushangaa, sisi wanaume wa pwani tunafanya vivyo hivyo na wake zetu. Miaka yote ya ndoa nilisema "nyumbani": nyumbani hawajambo, nyumbani wanaumwa. Siku ya mazishi yake watu wa msikitini waliniuliza jina la marehemu, nikakuta ulimi umesita. Nilidhani nimeliheshimu kwa kulificha. Aliitwa Mwanahawa. Nalitamka sasa kila asubuhi nikiwa peke yangu, na kila asubuhi linanitoka kama jina la mtu niliyeambiwa habari zake. Ukimpenda mtu huko uendako, mwite kwa jina lake, na umwite kwa sauti, watu wasikie.

Sasa nikueleze jambo la wiki iliyopita, kabla Mama Neema hajakueleza kwa namna yake.

Ulikuwa umekwenda kuchukua viza. Nikasema moyoni, nitajipima. Nikachukua fimbo, nikatoka peke yangu kwenda kwenye spaza, kile kiduka cha kona, kununua mkate, nikifika nirudi, na jioni nikuonyeshe. Nilihesabu mageti kwa kuyagusa. Nilijiona mshindi kabisa. Ghafla kelele za barabara zikabadilika, kukawa na harufu ya mafuta ya magari, na sikujua niko wapi.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Baba Saada, unaenda wapi sasa? Duka umeipita zamani. Uko ku gereji ya watu."

"Mama Neema! Umetokea wapi?"

"Mi nakufwata tangu ku geti."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema, ungenifukuza. Nikasema, acha mzee atembee, akichoka atanijua." Akacheka. "Weye unajua mambo ya Wachina yote, ya wafalme wote, lakini mkate hauioni. Leta mkono."

Nikasimama pale, fimbo mkononi, mjukuu wa mwana wa jumbe katikati ya magari mabovu, na vijana wa gereji wananitazama. Hilo nalijua hata bila macho. Kisha nikampa mkono. Kiganja chake ni kigumu kuliko chako, na anatembea upesi, na haniambii ngazi mpaka nishajikwaa. "Ngazi hiyo," anasema, nikiwa tayari chini. Lakini tulifika. Akanipitisha kwake, akaweka sombe na ugali kwenye sahani moja, akakaa mbele yangu, akaanza kula bila kunikaribisha mara ya pili. Nikanyoosha mkono bila kuitwa. Tulikula tukitazamana, ikiwa hilo ni neno la kutumia kwa mtu kama mimi. Sombe yake ina mawese mengi mno. Usimwambie.

Tangu siku hiyo tumepatana. Neema, bintiye, atanisomea magazeti, ingawa Kiswahili anakisoma kama mtu anayetembea juu ya mawe, na kila baada ya mstari anauliza kwa Kizulu kama basi inatosha. Dawa nitatiwa. Msikitini nitapelekwa. Hayatakuwa kama yalivyokuwa, nami sitakudanganya kwamba yatakuwa.

Sasa neno uliloniomba.

Nataka ubaki. Naliandika waziwazi kwa sababu ningeandika kinyume ungelijua ni uongo, na ungekaa na uongo wangu huko peke yako. Nataka kusikia geti lile jioni. Nataka mtu wa kunichorea kiganjani. Karatasi za ukaazi nilizo nazo hapa haziniruhusu kutoka na kurudi, kwa hiyo sitakuja kukuona, na macho haya hata picha utakazonitumia hayatazikuta. Nataka ubaki, kama kila mzee anavyotaka.

Lakini ulichoniuliza ni ufanye nini, na hilo jibu lake ni lingine: nenda. Nenda ukayasome maneno yale mahali yalipoandikwa, na kwa walimu waliokula chumvi nayo, usiyategemee makatoni. Nakuondoa katika kazi hii leo, nikiwa na akili zangu. Hukunikosea kitu ulipotaka kwenda, na hutanikosea ukikaa huko na kufurahi, hata siku utakayosahau kupiga simu. Radhi yangu unayo yote. Sikubakiza kipande cha kukuvutia nyuma.

Jambo moja nakuomba: usiniambie tarehe ya kurudi. Nilipoondoka Pangani nilimwambia mama yangu miaka miwili. Nilidhani ninampoza. Aliishika miaka ile miwili kama ahadi ya Qurani, na ilipopita akaanza kuwaomba radhi majirani kwa niaba yangu. Dada yangu ndiye aliyeniambia, baada ya kumzika. Wewe ondoka tu, kama mtu mwenye safari. Ukija, umekuja.

Kesho uwanja wa ndege usinishike mkono. Nitakuwa nimeshikwa na Mama Neema, tutaagana pale foleni inapoanzia, usirudi nyuma kuniweka sawa kofia. Kwa hatua chache nitaiona rangi ya koti lako, kisha sitaiona. Usiwe na wasiwasi ukigeuka ukanikuta bado napunga mkono, hata nikiwa nimeelekea upande mwingine. Sitakuwa najua umefika wapi. Nitaendelea kupunga mpaka Mama Neema aniambie umeshapita.

Baba yako